Nilivyochagua pawasaplai ya kompyuta yangu ya kazi

Ukiingia duka la vipuri vya kompyuta hapa Mombasa, ukasema wataka pawasaplai, kile kisanduku kinachogawia sehemu zote za kompyuta umeme wa ukutani, utaulizwa: "Ya wati ngapi?" Ukisita, muuzaji atakuchagulia yeye. Ama atakupa ya bei ya chini iliyo karibu na mkono wake, ama atakutolea kubwa kuliko zote kwa hoja kwamba kubwa haina hasara. Mimi nilitaka niingie dukani na jibu langu mwenyewe, kwa sababu mashine niliyokuwa nikiiunda ni ya riziki. Nahariri video za harusi, na zikikaribia siku za Ramadhani harusi hufuatana mno, hata mashine hukesha ikitoa video hali mimi nimelala.

Nilianza na kalamu na karatasi. Prosesa yangu, yaani ubongo wa kompyuta, ni Intel Core i5-12400F. Wengi huishia kwenye zile wati 65 zinazotajwa mwanzo, lakini Intel wenyewe wameeleza kwamba prosesa hiyo ikipandisha mwendo inaweza kuvuta hadi wati 117. Nikaandika 117. Kadi ya grafiki, inayoshughulikia picha, ni GeForce RTX 3060 ya Nvidia, nayo imepangiwa wati 170. Hizo mbili peke yake ni 287. Vilivyobaki nilivikadiria: mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vyote, wati 40, ramu mbili wati 10, diski mbili wati 15, feni zote wati 10. Jumla ikaja 362.

Hiyo 362 ni ya mashine iliyobanwa kila upande kwa wakati mmoja, na ni nadra kazi yangu kuifikisha hapo. Hata hivyo haifai kununua pawasaplai ya wati 400 ukadhani umemaliza. Kadi za grafiki hurukaruka: kwa kipande kidogo sana cha sekunde huvuta zaidi ya kiwango kilichoandikwa, na pawasaplai isiyo na nafasi hujizima papo hapo kujilinda. Kwa RTX 3060, Nvidia wanashauri pawasaplai ya wati 550, na naiona ni nambari ya haki.

Mimi nikaenda 650, na sababu ya kwanza ni joto. Watengenezaji makini hukwambia pawasaplai yao inatoa wati zake zote katika nyuzi ngapi: wengine 40, wengine 50. Wengine hupima kwenye nyuzi 25, au hawasemi kitu. Nyuzi 25 hapa kwetu huzipati mchana, hata Julai. Februari na Machi chumba changu huwa na nyuzi 32 na zaidi, na ndani ya kasha la kompyuta ni zaidi ya hapo. Kifaa kilichopimwa kwenye ubaridi hakiwezi kubeba mzigo ule ule kwenye fukuto. Kwa hivyo nilitafuta iliyoandikwa nyuzi 50, na nikaiachia nafasi isikae inahema. Sababu ya pili ni ya mbele: nikipata kadi ya RTX 3070, ambayo ni ya wati 220, Nvidia wanataka 650, na sipendi kununua kitu kimoja mara mbili. Muuzaji mmoja alinishikilia nichukue 850. Sikuona hizo 200 za ziada zingenifanyia nini, na tofauti ya bei nikaiongeza kwenye diski.

Kitu kilichonisaidia kuliko hesabu yote hiyo nilikipata kwa fundi mmoja wa makamo, maeneo ya Mwembe Tayari. Nilimpelekea karatasi yangu, akaisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hesabu yako sawa, mwanangu. Lakini wati zilizoandikwa kubwa ni za kuuzia. Wewe soma mstari wa volti 12."

"Kwa nini huo, ami?"

"Prosesa yala hapo, kadi yala hapo. Hiyo mistari mingine, ya 5 na ya 3.3, kompyuta za sasa haziitumii sana."

Akatoa rafuni pawasaplai mbili, akazigeuza ubavuni. Ya kwanza, nyepesi mno mkononi, ilikuwa na 600 kwa herufi kubwa, lakini kwenye mstari wa volti 12 iliandikwa ampia 20. Zidisha 12 kwa 20, ni wati 240. Hiyo haitoshi hata kwa prosesa na kadi yangu. Ya pili ilikuwa ya 650, na mstari wake ulisema ampia 54, yaani wati 648. Nambari za nje zilikaribiana, ndani ni mbingu na ardhi. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza anunue ya wati ngapi, namwambia kwanza anipigie picha ya maandishi ya ubavuni mwa pawasaplai.

Pia alinionyesha kebo. RTX 3060 yangu ina tundu moja la pini 8, linaloruhusiwa kupitisha wati 150, na nafasi ya kwenye mazabodi hutoa 75 nyingine. Ile pawasaplai ya 600 haikuwa na kebo ya tundu hilo kabisa, ilikuja na kiunganishi cha kuunga kwenye kebo za diski. Nilikataa, na ningemsihi yeyote akatae: kebo hizo hazikuwekewa mzigo kama huo, na hapo ndipo plastiki huyeyuka. Na kama unachukua ya mtumba yenye kiswichi chekundu cha 115 na 230 mgongoni, hakikisha kiko 230 kabla ya kuchomeka. Umeme wetu ni volti 240.

Kuhusu nembo ya 80 PLUS, mpango ulioanza 2004: nembo hiyo haisemi nguvu, yasema upotevu. Kwa kipimo cha volti 115, Bronze huipa kompyuta asilimia 85 ya ilichovuta ukutani ikiwa nusu ya mzigo, Gold asilimia 90. Kwa wati zangu 362 hiyo ni kuvuta kama 426 dhidi ya 402, na zile 24 zote hugeuka joto chumbani. Nikachukua Gold, kwa kuwa mashine yangu hufanya kazi masaa mengi. Wa kuandika barua na kuangalia sinema, Bronze yamtosha.

Nyumbani kulikuwa na hesabu nyingine. Mamangu aliona boksi, akasoma 650.

"Mwanangu, hiyo si nusu ya pasi? Itatumalizia tokeni!"

Wasiwasi wake ni wa watu wengi, na una haki ya kujibiwa vizuri. Nikamwambia mkokoteni unaobeba magunia kumi, ukiupakia matatu, hamali husukuma matatu. Pawasaplai huvuta kile tu sehemu nyingine zinachoomba, na upotevu wake kidogo. Kisha nikaazima kipimo cha kuchomeka kwenye soketi ili aone mwenyewe. Mashine ikiwa imetulia ilisoma kama wati 60. Ikitoa video ilizunguka 250, na sikuiona ikipita 300. Kwa 250, masaa manne ni yuniti moja. Akaridhika, ila feni ya chumbani nimeambiwa niizime nikitoka.

Kipimo hicho kilinifaa pia kwenye UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia kompyuta kwa muda umeme ukikatika, maana stima kupotea katikati ya kazi ni jambo la kawaida mtaani kwetu. UPS huuzwa kwa VA, yaani volti mara ampia, na VA si wati. Nyingi zilizoandikwa VA 650 hubeba wati kati ya 300 na 400 tu, na ukiongeza skrini kwenye mashine yangu hapo ni kubanana. Nilichukua ya VA 1000 iliyoandikwa wati 600. Haikusudiwi kuendeleza kazi gizani. Stima zikienda, nahifadhi nilipofika, nasimamisha utoaji, nazima kompyuta, na betri bado ina chaji.