Siku moja maishani mwangu: napamba sendoff ya laki sita na nusu Mbagala

Kwa wale mnaoniulizaga mapambo ya laki sita na nusu kwa watu 150 yanawezekanaje Dar hii hii, haya leo twendeni wote, Jumamosi nzima. Mi nakaa Buguruni, sina duka wala gari, nina chumba kimoja nimekigeuza stoo, cherehani ya miguu, na vijana wawili ninaowaita kazi ikiwepo. Mwenye shughuli, yani bibi harusi anayeagwa, ni mwalimu wa shule ya msingi, rangi zake damu ya mzee na krimu, na kamati yake imeshaniambia mapema hela haiongezeki hata kidogo so nisije na maneno ya "tungeweka na hiki".

SAA 10 NA NUSU ALFAJIRI
Nimeamka namalizia tai za viti. Hii ndo kazi watu wanaidharau alafu ndo inayokula hela, maana ukikodisha tai 150 unalipa kila shughuli na hubaki na kitu, kwa hiyo mi nanunua satini nashona zangu. Satini ya kawaida ina upana wa mita moja na nusu, unakata vipande vya sentimita 16, mita moja inakupa tai sita, kwahiyo watu 150 ni mita 25. Kwa bei niliyopata Kariakoo ya 3,500 kwa mita inakuja 87,500. Sasa tai ya urefu huo haifungi lile fundo kubwa la kipepeo mnaloliona kwenye mapicha, lile linataka mita mbili na zaidi, hii unafunga fundo moja tu nyuma ya kiti unaiachia mikia miwili ining'inie, na mi naona ndo inapendeza zaidi, yale mafundo makubwa watu wakikaa wakiinuka mara mbili yameshalegea yote yanaonekana yamechoka.

Pindo sishoni. Satini hizi ni poliesta, unawasha mshumaa unapitisha ukingo pembeni ya moto haraka haraka unayeyuka kidogo unajifunga, nyuzi hazitoki tena. Pitisha ukingo karibu na moto, usiuingize ndani, ukiuingiza unapata ukingo mweusi. Na kama kitambaa ni cha pamba usijaribu, hicho hakiyeyuki kinawaka.

SAA 1 NA NUSU ASUBUHI
Daladala ya barabara ya Uhuru mpaka Kariakoo. Nawahi kwasababu Mtaa wa Kongo saa hizi bado unapitika, ikifika saa 4 unatembea kwa kusukumwa. Leo nanunua vile vidogo tu: mapulizo, gundi za vijiti za ile mashine ya gundi ya moto, pini, mishumaa ya betri, na maua ya bandia mashada machache ya waridi.

Hapa nisemee kidogo maua. Maua halisi ya waridi yanatoka huko Arusha, ni mazuri sana hakuna anayebisha, lakini kwa bajeti hii ukijaza ukumbi maua halisi hela yote imeishia hapo na kesho yake unatupa jalalani. Maua ya bandia nayo yana ubaya wake, ukinunua ya bei ya chini kabisa yanang'aa plastiki hiyo mpaka kamera inalalamika. Mi nachofanya nanunua machache ya kitambaa yale ya maana, alafu nayachanganya na ninayotengeneza mwenyewe kwa karatasi ya krepu, ile inayovutika. Unakata petali, unaivuta katikati kwa vidole gumba mpaka inatengeneza kibonde, unazungushia kwenye waya, chini unafunga na utepe wa kijani. Yale ya kitambaa naweka usawa wa macho, ya karatasi naweka juu ambako hakuna atakayeyashika. Hamna mtu aliyewahi kuniuliza.

Muuza mapulizo kaniambia "dada chukua hizi za kung'aa kama kioo ndo zinatoka sasa hivi". Bei mara tatu ya zile za kawaida. Nikamwambia kaka asante, nikachukua za kawaida, krimu tupu.

SAA 3
Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, imefika mlangoni, 40,000 kwenda na usiku 40,000 kurudi, na dereva ananijua kwahiyo ananisubiria nipakie. Humo kuna mabomba ya plastiki ya maji ya inchi moja, viungio vyake vya tii na elbo, ndoo nne za rangi nilizozimwagia zege ndani na kipande cha bomba katikati, hizo ndo miguu ya fremu. Kuna mapazia. Mapazia yangu mengi ni ya mtumba, nanunuaga Karume belo zikifunguliwa asubuhi, yale mazito ya neti ya nyumba za Ulaya, nafua napiga pasi, yanaanguka vizuri kuliko shifoni mpya ya bei chee. Napenda sana hiki kitu yani, pazia la mtu huko limestaafu kumbe lilikuwa linasubiria kuwa bakdropu Mbagala.

SAA 5 ASUBUHI
Tumeingia ukumbini. Jana usiku kulikuwa na shughuli nyingine kwahiyo wanafagia bado, na ukuta wa nyuma ya jukwaa umepakwa kijani ya hospitali, chini rangi ya chungwa.

Sasa hapa ndo siri yote ya mapambo ya hela ndogo. Mwenye hela anapamba ukumbi mzima. Wewe huna, so usijaribu kupamba ukumbi mzima kidogo kidogo, utapata ukumbi mzima umepauka. Jiulize kamera itakaa wapi. Kamera inakaa sehemu tatu: meza kuu na nyuma yake, mlango anapoingilia bibi harusi na njia yake, na keki. Basi. Meza za wageni unaweka kitambaa, chombo kimoja katikati, tai kwenye viti, umemaliza. Kuning'iniza vitambaa darini kote achana nako, dari inakula kitambaa ajabu na watu wakishakaa hakuna anayeangalia juu. Mwenyekiti wa kamati alipita akaniuliza "mbona juu hamna kitu mpambaji?" nikamwambia mzee wangu ya juu iko kwenye meza kuu, subiri usiku. Akaguna akaondoka.

Fremu: mita nne upana, mbili na nusu kwenda juu. Kosa naloliona kwa wengi wanaojipambia ndugu zao, fremu ya mita nne wananunua kitambaa mita nne, wanakivuta kinakaa kama shuka iliyoanikwa. Inatakiwa mara mbili, mita nane kwa fremu ya mita nne, ndo unapata mikunjo, na mikunjo ndo inayofanya kitambaa cha 3,500 kionekane cha elfu 20. Mi nimeweka mapazia krimu nyuma, juu yake mikanda miwili ya damu ya mzee pembeni, katikati nimeacha wazi maana bibi harusi atakaa hapo na gauni lake nalo lina rangi, ukiweka maua nyuma ya kichwa chake kwenye picha anaonekana ameota maua kichwani. Taa za nyota, zile za njano sio nyeupe, zimepita nyuma ya neti.

Vijana mlangoni wanasuka makuti mabichi. Haya bure, mama jirani na ukumbi ana mnazi, tumemuomba, kijana kapanda kakata manne, unayakunja majani yake moja moja unapata upinde pande mbili za mlango. Ni pambo la zamani la kwetu pwani, ukipita mtaani ukaona makuti yamesimamishwa getini unajua humu kuna shughuli. Ila lazima yakatwe siku hiyo hiyo, kesho yake yameshanyauka. Kuna dada wa kamati aliyaona akasema "haya si ya kijijini?" nikamwomba asubiri nifunge zile waridi na utepe, baada ya nusu saa nikamkuta anapiga selfi hapo.

SAA 8 MCHANA
Wali maharage na mchicha kwa mama ntilie. Umeme umekatika.

Ukikatika na wewe kazi yako yote inategemea gundi ya moto unakaa unaangalia mashine. Ndo maana vyombo vya mezani navimaliza nyumbani, chupa za vioo za mayonizi na jamu nilizozivisha ukili nikabandika lesi shingoni, ndani mchanga kidogo na mshumaa wa betri. Mshumaa wa moto siweki, meza zina vitambaa na watoto wanapita pita, sitaki maneno. Vilivyobaki tumefunga kwa pini na uzi mpaka umeme uliporudi kwenye saa 9 na kitu.

SAA 10 JIONI
Shangazi kafika na kikapu chake. Huyu ni mtu wa Tanga, anakaa hapa hapa Mbagala, na kwangu yeye ndo mpambaji kuliko mimi. Anatengeneza vikuba. Asumini anazichuma alasiri zikiwa bado vitumba zimefumba, ukichuma asubuhi zilizofunguka zinakufia mkononi, hizi zilizofumba zinakuja kufunguka zenyewe usiku shughuli ikiwa imekolea na harufu inatoka muda huo. Anatunga kwa uzi wa pamba na sindano nyembamba, anaweka mrehani, kipande cha mkadi, waridi moja katikati, anafunga. Kimoja cha nywele za bibi harusi, vingine vya mama zake na wapambe wabandike kifuani. Vyote namlipa 40,000 na bado naona namwonea.

Mama wa bibi harusi alivyopewa chake akanusa akafumba macho akasema "shikamoo bibi" kwa shangazi ambaye wala hawajapishana sana umri, tukacheka wote.

Taji nimetengeneza mimi, waya laini na lulu za plastiki, unapitisha lulu unazungusha waya mara mbili unaendelea, unaligandisha kwenye kitana ili lisiteleze kwenye nywele. Madukani taji kama hilo anauziwa bei ya maana, mi vifaa havikufika elfu 10. Ua la kifuani la bwana harusi nalo nimelitoa kwenye kipande cha satini kilichobaki kwenye tai, ndo maana limefanana na viti kabisa na kamati wakadhani nimepanga muda mrefu.

SAA 12 JIONI
Bifu na DJ. Kaja na maspika yake marefu anataka kuyaweka mbele ya bakdropu pande zote mbili, nikamwambia kaka hapo hapana, anasema sauti haitatoka vizuri, tukavutana mpaka MC akaingilia kati, maspika yakasogea pembeni hatua mbili na yeye kwa ukarimu akanipa taa zake mbili nikaziweka chini zikaangaza mikunjo kutoka chini kwenda juu. Hapo ukuta wa kijani ukapotea kabisa. Ndo ile "ya juu" niliyomwahidi mwenyekiti.

Kadi imeandikwa saa 12 na nusu. Wageni wa kwanza wameingia saa 2. Bibi harusi saa 3 na robo.

Alivyosimama kwenye makuti mpiga picha alimrudisha nyuma apite tena, mi nilikuwa jikoni nimekaa kwenye kreti la soda navua viatu, kijana wangu ndo kaja kuniambia.

SAA 6 NA NUSU USIKU
Kuvua. Kuvua kuna kanuni moja kwangu: tai zinahesabiwa kabla wageni hawajaisha wote, maana kila shughuli kuna shangazi anazipenda anaondoka na mbili za kufungia mzigo. Leo zimekuja 147, tatu sitaki kujua ziko wapi. Mapulizo watoto wabebe. Maua ya karatasi nikaulizwa na dada yule wa makuti kama anaweza kuchukua, nikampa mawili.

Hesabu ya leo kwa wanaopenda hesabu: kirikuu 80,000, vijana 60,000 wote wawili, satini 87,500, vitu vya Kariakoo 70,000, vikuba 40,000, chakula na nauli 25,000. Jumla 362,500. Kwenye 650,000 nimebaki na 287,500, na zile tai bado ni zangu, shughuli ijayo yenye damu ya mzee sinunui kitu hapo. Kamati wamemalizia salio kwa simu hapo hapo ukumbini, ambalo jamani sio jambo la kawaida, nimewaombea dua.

SAA 8 USIKU
Niko mbele ya kirikuu katikati ya dereva na gunia la mapazia, naangalia simu. Kuna dada kaona statasi, kaandika: "nimependa sana dada, na mimi nataka hivyo hivyo watu 100 ila nina laki tatu tu, inawezekana?"

Nimemjibu: "Inawezekana mdogo wangu. Viti tunaacha bila tai, mezani chupa tu, hela yote inaenda meza kuu na mlangoni. Muulize mama yako kama kuna mnazi karibu na ukumbi. Na vikuba vinabaki."

Kajibu palepale, kumbe naye alikuwa hajalala: "mnazi upo miwili."