Kiti cha sita

Mtoto wa kaka yangu kanitumia picha juzi usiku kutoka Dar. Kiti cha ngozi nyeusi na mbao za kahawia, kimepangwa dukani juu ya zulia la manyoya, na ujumbe wa haraka: "Shangazi, hii Eames orijino? Jamaa kanishushia bei." Nikahesabu miguu. Minne. Kiti cha Eames, kile cha wabunifu wa Kimarekani Charles na Ray Eames kinachotengenezwa na kampuni ya Herman Miller tangu 1956, husimama kwa miguu mitano. Yenye miguu minne ni ile stuli yake ya kunyooshea miguu. Na mgongoni nikaona vichwa vya skrubu vinang'aa, ambavyo kwenye orijino havionekani. Nikamjibu kwamba akikipenda akinunue, ila asilipe bei ya jina. Kimya mpaka leo.

Tangu hapo akili yangu iko Odense, Denmark, kwenye lile ghala la mnada nilikofanya kazi.

Mzee wa ghala ndiye aliyenifundisha kazi, na somo lake la kwanza lilikuwa kutodanganywa na lebo. Lebo hubanduka, alisema, na lebo hubandikwa. Pindua kiti. Mwenye kutengeneza kopi huweka nguvu zake mahali jicho linapofika kwanza, kwa hiyo wewe anzia mahali asipotegemea utafika. Wala usishike uzee kuwa ushahidi. Kiti cha Y cha mbunifu wa Denmark Hans Wegner, chenye mgongo wa umbo la herufi Y, kilichorwa 1949, na Carl Hansen & Søn, kampuni iliyoanzia hapo hapo Odense, wanakitengeneza tangu 1950 bila kuacha. Orijino inaweza kuwa ya mwaka jana. Feki ikawa imekula miaka kibao jikoni kwa mtu, na madoa ya chai inayo.

Siku ninayoikumbuka alikuja bibi mmoja na viti vya Y sita. Anahamia nyumba ndogo, viti havitaingia. Huko hata mzee wa umri ule unamwita kwa jina lake tupu. Ulimi wangu wa Tanga uligoma, basi nikawa nazungumza naye kwa kuzungukazunguka ili nisilazimike kumwita chochote.

Vitano vilikwenda haraka. Vilikuwa vya mwaloni usiopakwa vanishi, na vilinukia sabuni, maana Wadenishi wana desturi ya kuipaka mbao maji ya sabuni ili ibaki nyeupe. Nikavipindua kimoja kimoja. Kiti kimoja hula kama mita 120 za kamba ya karatasi iliyosokotwa, na yote husukwa kwa mkono. Hapo sikuhitaji mwalimu. Bibi yangu alikuwa akisuka vitanda vya kamba, nami nikimshikia ncha tangu sijaanza shule; kamba iliyovutwa na mtu aliyekaza meno naijua kwa kidole gumba. Ukibonyeza, inakurudisha.

Cha sita kilinirudisha kidogo tu.

Nikabonyeza tena pembeni. Pale kamba zinapokutana kwenye kona palikuwa na ulegevu. Nikakipindua: chini, badala ya mafundo niliyoyaona kwenye vile vitano, kulikuwa na pini za stepla, zimepigwa safu. Nikakisogeza dirishani. Ule ubao wa juu, unaozunguka mgongo mpaka ukawa mikono, kwenye orijino ni kipande kimoja kilichokunjwa kwa mvuke, kwa hiyo nyuzi za mbao hufuata mkunjo kuanzia ncha hadi ncha. Nilipitisha kidole, kidole hakikuona kitu, kazi ilikuwa imepigwa msasa vizuri mno. Jicho ndilo lililoona. Nyuzi zilikuja, zikafika mahali zikakatika, kisha zikaanza nyingine zinazoelekea kwingine kabisa. Kimeungwa. Nikainama nikakinusa, sijui kwa nini. Nacho kilinukia sabuni. Kilikuwa na vanishi, sabuni haina pa kuingia, lakini alikuwa akikiogesha pamoja na wenzake.

Mzee alikuwa ameona kabla yangu. Akaniambia kwa kichwa: sema wewe.

Nikasema. Bibi akauliza nimejuaje, nikamwonyesha dirishani. Akauchukua mkono wangu kama anataka nimwongoze, akapitisha kidole chake pale pale, mara mbili.

"Hiki alikuwa akikalia mume wangu," alisema. "Kilivunjika siku ya sherehe, akakipeleka kwa fundi. Kilikaa huko wiki nyingi." Akanyamaza. Halafu akaanza kucheka. "Na kiliporudi hakutaka mgeni yeyote akikalie. Yeyote!"

Mzee akamweleza habari za Uingereza: mpaka Julai 2016 sheria yao iliruhusu kunakili samani zilizokwisha kuuzwa miaka 25, na Wadenishi wengi waliagiza huko kimyakimya. Denmark, haki ya mbunifu inalindwa miaka 70 baada ya kufa kwake, na Wegner alifariki 2007. Kwa hiyo hicho hatuwezi kukipokea. Bibi akasema ni sawa, hakuwa na nia ya kukiacha. Akakibeba mwenyewe hadi kwenye gari, akakataa kusaidiwa.

Sijui kama alikuwa hajui. Mtu anaogesha viti miaka yote hiyo, hajawahi kukipindua? Na kama alijua, mimi nilimfanyia nini pale dirishani? Ningeweza kumwambia kwamba mnunuzi anataka vitano, basi. Nilimuuliza mzee, akaniona wa ajabu: kazi yetu ni kusema kilivyo.

Ukutani kwake alikuwa amebandika kadi ya ile picha maarufu ya mwanamitindo wa Uingereza Christine Keeler ya 1963, iliyopigwa na Lewis Morley, mwanamke amekikalia kiti kinyumenyume. Watu hudhani kiti hicho ni Series 7 ya mbunifu wa Denmark Arne Jacobsen. Ni kopi, aliyeitengeneza alitoboa tundu mgongoni ili isishitakiwe kwa kufanana. Leo kiti hicho kinatunzwa Victoria and Albert Museum, London.

Nikamuuliza mzee: kile kingeletwa hapa, tungekikataa?

"Hicho? Tungekipokea mbiombio."

"Na sheria?"

Akaenda kuchemsha kahawa.