Usiku Baba aliponikabidhi sindano

Bobi, mbwa wetu, alianza kunywa maji kupita kiasi mwishoni mwa mwaka 2014. Ndoo ndogo tuliyomwekea kibarazani, ambayo zamani ilimtosha kutwa nzima, ilikauka kabla ya adhuhuri, kisha akaenda kulamba matone chini ya bomba la uani. Sisi wengine tulisema ni joto. Morogoro mwezi wa Desemba hata watu hunywa hivyo. Baba alikataa. Tangu alipoacha kazi alikuwa akikaa kibarazani kuanzia asubuhi mpaka magharibi, na hakuna jambo la Bobi lililompita. Alijua kwamba leo amekojoa kuliko jana, amebakiza ugali, ameshindwa kupanda ngazi za mlango wa jikoni.

"Huyu ni figo," alisema. "Mpelekeni akapimwe."

Bobi alikuwa anakaribia miaka 13. Kwa mbwa wa kienyeji wa mtaani kwetu Bigwa, huo ni umri mkubwa sana. Wengi huondoka mapema, kwa magari, kwa sumu, kwa magonjwa ya kupe. Ukimkuta aliyefika hapo, ujue yuko mtu aliyemwogesha dawa ya kupe mwaka hadi mwaka na kumpeleka kwenye chanjo ya kichaa bila kukumbushwa. Kwa Bobi mtu huyo alikuwa baba.

Tulimpeleka hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine kwa bajaji, Bobi kalazwa juu ya kanga kuukuu miguuni pa baba. Daktari, dada mmoja mtulivu, alimtoa damu, akachukua na mkojo. Majibu yalipotoka akatuketisha. Urea na kreatinini, takataka ambazo figo hupaswa kuzitoa kwenye damu, vilikuwa juu, na mkojo wenyewe ulikuwa mwepesi karibu sawa na maji. Alituambia kwamba figo huficha ugonjwa wake muda mrefu. Mpaka theluthi mbili ya uwezo wake iwe imepotea ndipo mbwa anapoanza kunywa na kukojoa namna ile, na kilichopotea hakirudi. Kilichobaki ndicho cha kutunza. Alituuliza kama Bobi aliwahi kuugua homa ya kupe, baba akamjibu kwamba ndiyo, ujanani, akameza doksisaiklini wiki nne. Daktari akasema huenda madhara yalianzia huko.

Kisha likaja suala la dagaa. Bobi alikuwa amekula ugali wa dona na dagaa maisha yake yote, na hicho ndicho daktari alichokiondoa kwanza. Dagaa huliwa na mifupa yake, mifupa imejaa fosforasi, na figo iliyochoka haiwezi kuitoa. Hata pumba za kwenye dona zina fosforasi. Akatuandikia wali au ugali wa sembe, nyama kidogo, ute wa yai, mafuta kiasi ili asikonde. Mama alilisikiliza hilo kwa huzuni, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimbakizia vichwa vya dagaa tangu akiwa mtoto.

Jambo gumu zaidi lilikuwa nyonga. Bobi alikuwa na baridi yabisi ya muda mrefu kwenye miguu ya nyuma, asubuhi akiamka alijikokota hatua kadhaa kabla viungo havijalegea. Dawa nyingi zinazotuliza maumivu ya aina hiyo huzidhuru figo. Ukitibu nyonga unaiumiza figo, ukiilinda figo nyonga zinalia. Jirani mmoja kwa wema wake alikuwa ametuletea vidonge vyake vya diklofenaki, akasema humsaidia magoti. Baba alivirudisha kwa heshima zote bila kufungua karatasi, na daktari alipoambiwa akasema baba ameokoa roho, maana dawa hiyo kwa mbwa ni sumu. Ikabaki kumkanda kwa kitambaa cha maji moto, godoro la kulalia, na kumwinua taratibu.

Wapo waliotushangaa. Fedha ya kumtibia mbwa mzee, walisema, ingenunua mbuzi. Nilikuwa nawajibu kwa hasira. Baba hakuwa anajibu kabisa. Jirani yetu wa upande wa chini, bibi mmoja Mwislamu aliyekuwa hamgusi mbwa na hatukutegemea amguse, ndiye aliyewanyamazisha siku moja pale kwenye kigenge cha nyanya. Aliwakumbusha hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa anakufa kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Baada ya hapo, kila alipopika wali alituletea ukoko na uliobaki, kautenga kwenye bakuli la Bobi peke yake.

Masika ya 2015 ndiyo yaliyomwangusha. Aprili aliacha kula, akatapika povu la njano, midomo yake ikaanza kutoa harufu kali. Tulirudi kwa daktari, akamtundikia dripu siku nzima, jioni akatuambia kwamba kuanzia sasa atahitaji maji mara kwa mara, na kwamba maji hayo yanaweza kuwekwa nyumbani, chini ya ngozi. Haihitaji kutafuta mshipa.

"Nyumbani yupo mtu anayeweza kuchoma sindano?" akauliza.

"Yupo," baba akajibu haraka.

Niliona daktari akiitazama mikono ya baba, iliyokuwa juu ya magoti yake. Hakusema neno. Alituonyesha sote wawili, akatufungia chupa za maji ya dripu ya Ringa, seti za dripu na sindano nene za geji 18, tukaondoka.

Baba yangu alikuwa dresa. Alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 30 katika zahanati ya shamba la mkonge nje kidogo ya mji, tangu zama za sindano za kioo zilizochemshwa kwenye jiko la mafuta ya taa. Alisafisha vidonda vya wakata mkonge, maana mwiba wa ncha ya jani la mkonge ukikuingia unaacha kidonda kibaya. Aliwachoma kwinini na PPF, yaani penisilini, na mpaka leo ukipita huko wako wazee watakaokuambia kwamba sindano yake haikuwa inauma. Mimi niliogopa sindano tangu utotoni, hata za kwake. Wala hakuna aliyewahi kunitaka nijifunze. Nilikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi mjini, kazi yangu ilikuwa kuhesabu mabati.

Siku chache baadaye, usiku, mvua ilinyesha Uluguru nzima ikashuka kwetu. Umeme ulikatika mapema. Bobi alikuwa amelala kwenye godoro lake jikoni, tumbo likipanda na kushuka, na wali wa jirani ulikuwa umekauka bakulini. Baba alipiga goti kando yake, akamfunua mdomo, akapitisha kidole kwenye ufizi.

"Mkavu," akasema. Kisha akashika ngozi ya juu ya mabega, akaivuta na kuiachia. Ngozi ilibaki imesimama, ikarudi polepole sana. "Unaona? Hairudi. Maji yameisha mwilini. Leteni chupa."

Mama alikuwa ameitia chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kwa sababu maji baridi humtia mbwa kitetemeshi na kumwongezea mateso. Tuliitundika kwenye msumari wa kalenda. Mama alishika kandili. Baba aliunganisha seti, akaacha maji yatiririke mpaka mapovu yote ya hewa yakatoka mpirani, akafunga. Hayo yote aliyafanya bila kufikiri. Halafu akaivua sindano kifuniko.

Mkono ulimtetemeka. Nilikuwa nimeuona mtetemo ule kwenye kikombe cha chai na kwenye vifungo vya shati, nikauzoea. Kwenye ncha ya sindano ulikuwa kitu kingine. Alijaribu kuuegemeza mkono wa kulia kwenye wa kushoto. Alishusha pumzi, akasubiri, akajaribu tena. Bobi alimtazama bila kusogea, alikuwa akimwamini. Mama alisogeza kandili karibu na hakusema kitu. Kwa kitambo palikuwa na sauti ya mvua kwenye bati tu.

Baba akairudisha sindano kwenye kifuniko chake.

"Mwanangu," akaniambia, "njoo ukae hapa nilipo."

Nilimwambia siwezi. Nilimwambia tungoje asubuhi, tutapata bajaji. Hakunibishia. Alinionyesha pa kupiga goti, akaichukua mikono yangu, akaiweka juu ya mabega ya Bobi, na hapo ndipo nilipotambua kwamba mikono yake, ikiishika mikono yangu, ilitulia kidogo.

"Inua ngozi kwa vidole vitatu. Juu zaidi. Hapo chini umepata uwazi, hakuna nyama, hakuna mshipa mkubwa. Sindano inaingia kwenye uwazi huo, imelala sambamba na mgongo. Usiitazame sindano. Tazama ngozi. Na usisitesite, anayesitasita ndiye anayeumiza."

Nilitazama ngozi. Nilisukuma. Nilisikia ukinzani mdogo, kisha ukaisha. Bobi alitikisa sikio.

"Basi," akasema baba. "Umeingia. Fungulia maji."

Mama alifungulia. Matone yalianza kushuka, kisha yakawa uzi. Chini ya vidole vyangu nilihisi ngozi ikijaa taratibu. Tulikuwa tumeambiwa tuweke nusu chupa, mililita 250, na kwa sindano ile ingechukua robo saa hivi. Sikuthubutu kuondoa mkono. Baba alikaa sakafuni, akaegemea kabati, akaweka kiganja kwenye kichwa cha Bobi, na akaanza kuzungumza, yeye ambaye habari za kazi yake hakuwa akizisimulia.

Alisema aliyemfundisha alikuwa mzee mmoja aliyekuwa dresa kabla yake, aliyemfanya achome chungwa mpaka gamba lake likawa halina pahali pazima. Alisema mtu wake wa kwanza alikuwa mama mjamzito mwenye malaria, na kwamba baada ya kumchoma alitoka nje nyuma ya zahanati akakaa kwenye marobota ya mkonge mpaka miguu ikapata nguvu. Hilo nilishangaa kulisikia. Nilikuwa nikidhani alizaliwa akijua.

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia.

Mimi, na ndugu zangu, na mtaa mzima, tulijua kwamba baba alistaafu kwa umri. Kulikuwa na sherehe ndogo, alipewa saa ya ukutani na baiskeli. Usiku ule alisema kwamba alikuwa bado na miaka ya kufanya kazi. Asubuhi moja aliletewa mtoto wa kuchomwa sindano, akamshika paja, akaona ncha ya sindano inatetemeka. Mtoto hakuona, mama yake hakuona. Baba aliiweka sindano kwenye sinia, akamwita muuguzi mwenzake amchome, na mchana ule ule akaandika barua ya kuomba kupumzika. Hakuna aliyemlazimisha. Wangeweza kupita miezi kabla mtu hajagundua.

"Sikutaka mtu alie kwa ajili ya mkono wangu," alisema.

Nilimgeukia mama. Hakushtuka. Alikuwa anajua miaka yote hiyo, akashika kandili kama alivyolishika.

Sikupata la kusema. Miaka mingi nilimwona pale kibarazani nikafikiri anapumzika, mzee aliyemaliza shughuli zake salama, na nilikuwa nimemwonea raha. Sikuwa nimefikiri kwamba mtu anaweza kuikata mwenyewe kazi anayoipenda, kimya kimya, kwa kumhurumia mtoto asiyemjua jina. Mpaka leo nikimfikiria baba, ninaanzia kwenye asubuhi ile ambayo sikuiona.

"Maji yamefika nusu," mama akasema.

Baba alinielekeza kufunga, kuchomoa, kubana tundu kwa pamba na kusubiri. Bobi alibaki na nundu kubwa ya maji mgongoni, ambayo baadaye ilishukia upande mmoja, ikaning'inia karibu na mguu wa mbele. Tulikuwa tumeonywa juu ya hilo, na kulipokucha ilikuwa imenywewa yote na mwili. Asubuhi hiyo alikojoa, akanywa maji, na saa nne akala ute wa yai kutoka kiganjani mwa baba. Niliondoka kwenda kazini nimechelewa, nikiwa na furaha ambayo nilishindwa kumweleza mtu yeyote dukani.

Tangu hapo sindano ilikuwa yangu. Baba alikaa kwenye kigoda kando na kuandika kwenye daftari la shule: tarehe, kiasi cha maji, amekula nini, amekojoaje. Bobi alikuwa na siku nzuri nyingi kuliko tulivyotarajia. Alirudi kubwekea bodaboda, akawa analala juani kwenye mlango wa mbele akisikiliza watu wakipita. Novemba, mvua za vuli zilipoanza, figo ziligoma kabisa na maji hayakusaidia tena. Daktari alikuja nyumbani akampumzisha, baba akiwa amempakata kichwa, nasi tukamzika nyuma ya jiko chini ya mpera. Baba alilia wazi mbele ya watu.

Lakini kabla ya hapo, mwezi wa Agosti, bibi jirani alirudi kutoka hospitali akiwa ameambiwa sukari yake imepanda, vidonge havitoshi, na kwamba atachoma insulini kila siku. Alirudi na boksi lake akiwa amejawa na hofu. Mjukuu aliyekuwa akiishi naye, msichana wa kidato cha pili, alisema hawezi kumchoma bibi yake. Bibi akaja kwetu moja kwa moja, akasimama kwenye ngazi, akamwomba baba amsaidie, kwa kuwa yeye ndiye dresa.

Baba alimkaribisha kiti, akamuuliza boksi lile ameambiwa alihifadhi wapi, akamweleza kwamba asipokuwa na friji alitie ndani ya chungu chenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Kisha akamwambia asiwe na wasiwasi, amlete na mjukuu, lakini waje saa kumi na moja jioni, kwa sababu mwenye kazi hiyo bado hajarudi kutoka mjini.