Ctrl+Alt+R: kupeleka mafaili kwenye folda yake kwa mkono mmoja

Ctrl+X, tafuta folda, Ctrl+V. Kwa faili moja si kazi. Kazi ni pale Downloads imejaa risiti za PDF ambazo kila wiki zinakwenda palepale. Windows yenyewe haina mahali pa kupangia kitufe cha "peleka hizi D:\Risiti", lakini AutoHotkey, programu ya kujitungia vitufe vyako mwenyewe, inaweza, na ni ya bure.

Sakinisha toleo la 2. Mifano mingi inayozagaa mtandaoni ni ya toleo la 1, na haipatani na hili. Andika haya kwenye Notepad, uhifadhi kwa jina hamisha.ahk. Kwenye Save as type chagua All files, la sivyo utabandikiwa .txt mwishoni:

```
#Requires AutoHotkey v2.0
#HotIf WinActive("ahk_class CabinetWClass")
^!r:: {
    lengo := "D:\Risiti"
    DirCreate lengo
    A_Clipboard := ""
    Send "^c"
    if !ClipWait(1)
        return
    Loop Parse, A_Clipboard, "`n", "`r"
    {
        if DirExist(A_LoopField)
            continue
        try FileMove A_LoopField, lengo
        catch
            MsgBox "Imeshindikana: " A_LoopField
    }
}
#HotIf
```

Alama ^ ni Ctrl, ! ni Alt. Mstari wa CabinetWClass unafanya vitufe hivi vifanye kazi ndani ya dirisha la mafaili tu. Usipouweka, utabonyeza ukiwa Word na skripti itakimbilia kunakili maandishi. Desktop haimo, kwa sababu Windows haiihesabu kuwa dirisha la aina hiyo.

Usiondoe DirCreate, mstari unaounda folda. Folda ikiwa haipo, FileMove, amri ya kuhamisha, hulichukua "Risiti" kuwa jina jipya la faili, na utabaki na faili moja lisilo na .pdf huku mengine yakikataa kuhama. ClipWait(1) husubiri hadi sekunde moja mafaili uliyochagua yanakiliwe. Ukiwa umechagua mafaili mamia kwenye mashine nzito, weka 3.

Faili lenye jina lilelile likiwa tayari limo, halihami, unaona ujumbe. Unaweza kuongeza 1 mwishoni mwa FileMove ili lifute la zamani, ila kwa risiti usithubutu: "invoice.pdf" ya mwezi huu itaimeza ya mwezi uliopita, na haipiti hata kwenye Recycle Bin. Ujumbe huohuo hutokea PDF ikiwa bado iko wazi kwenye programu inayoishikilia.

Kuhama ndani ya diski moja ni papo hapo. Kutoka C: kwenda D: au flashi, Windows hunakili kwanza ndipo ifute, na hapa hakuna mstari wa kuonyesha imefika wapi. Video ya GB 4 ihamishe kwa njia ya kawaida.

Jambo jingine: Ctrl+Z haitarudisha kilichohamishwa hivi. Bofya hamisha.ahk mara mbili ili iwake, ujaribu kwanza na mafaili mawili ya ovyo. Ukiridhika, bonyeza Windows+R, andika shell:startup, weka humo njia ya mkato ya hamisha.ahk ili iwake pamoja na kompyuta.