Dada Alipoketi Upande wa Wageni

Juzi tulipita mbele ya mgahawa mmoja, binti yangu akasoma ubao wa mlangoni: vinywaji na vitafunio nusu bei, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Akaniuliza, "Mama, kwani ikifika saa moja chakula kinabadilika?" Nikamwambia chakula ni kilekile. Ila saa kumi viti viko vitupu, wapishi wameshaingia kazini, majiko yanawaka, na mishahara italipwa mgeni aje asije. Mwenye mgahawa anaona heri auze kwa faida ndogo kuliko kukaa akitazama meza.

Aliridhika. Mimi ndiye niliyebaki nawaza, kwa sababu maneno yote hayo niliyasikia kwa dada yangu, jioni ile nilipompeleka kula chaza.

Dada amefanya kazi za jikoni mgahawani kwa miaka mingi. Miaka yote ile mjini, sahani zilipita mikononi mwake zikienda kwa watu wengine. Yeye kuketi, akafunguliwa menyu, akaulizwa anapenda nini, haikuwahi kutokea. Bei za usiku hatukuziweza. Za saa ya punguzo tuliziweza, nami nikamwambia avae gauni lake la bluu tutoke.

Mhudumu alituonyesha meza nzuri ya dirishani. Dada akakataa, akataka kaunta, mahali ambapo kijana mmoja alikuwa akifungua chaza juu ya barafu iliyosagwa. Akakaa mbele yake kabisa na mkoba mapajani, wala menyu hakuishika. Alikuwa anatazama mikono. Kijana alimshika chaza kwa taulo lililokunjwa, upande wenye shimo ukiwa chini, akaingiza ncha ya kisu kifupi kwenye bawaba ya gamba, akakizungusha kidogo mpaka likaachia. Kisha akapitisha kisu chini ya gamba la juu, akakata ule msuli unaolishikilia, akalifunua bila kumwaga yale maji ya chumvi yaliyomo ndani. Chaza mmoja alikuwa amekaa mdomo wazi. Kijana akamgonga mara moja, akasubiri, gamba halikujifunga, ishara kwamba amekufa, akamtupa kwenye ndoo.

"Ameona," dada akaninong'oneza. "Wengine wangempitisha, kwa kuwa ni bei ya nusu."

Nilipoagiza dazeni nzima, kijana alizipanga zetu mwenyewe. Nadhani alikuwa ameshajua anatazamwa na mtu wa kazi. Aliweka vipande vya limau na kibakuli cha siki yenye vitunguu vilivyokatwa vidogo sana. Dada hakuweka chochote kwenye wa kwanza. Aliinua gamba, akalinusa, akalipeleka mdomoni, akatafuna. Nilidhani atameza haraka kama wengi wanavyofanya; lakini yeye alitafuna taratibu, macho ameyafumba, huku mkono mmoja bado umeshika gamba tupu. Nikamwacha. Watu walikuwa wanaingia, barafu inatikiswa kwenye vikombe vya chuma, na mimi nilikuwa natazama uso mmoja tu.

"Ni bahari," akasema. "Halafu mwishoni kuna utamu. Nimebeba sahani hizi miaka yote sikujua kuna utamu."

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mimi nilikunywa daikiri, yaani ramu na maji ya ndimu na sukari, baridi mpaka glasi ikatoka jasho. Yeye alitaka maji ya soda yenye ndimu. Tukala mabawa ya kuku, tukala viazi vya kukaanga. Dada akanieleza kwa nini menyu ya saa hiyo huwa fupi: vitu vya kukaanga kwa dakika chache, vya kushika kwa mkono, ili jiko lisizidiwe kabla ya wageni wa usiku. Chaza nao hawakai sana, kwa hiyo ni bora waondoke mapema.

Najua saa hizi zina ubaya wake. Punguzo likiwa la pombe, watu hunywa kwa pupa ili wawahi muda, kisha wanashika usukani. Jimbo la Massachusetts kule Marekani lilipiga marufuku punguzo la vinywaji la namna hiyo mwaka 1984, Ayalandi nayo ikapiga marufuku mwaka 2003, na siwezi kusema walikosea. Lakini nikikumbuka kaunta ile, nashindwa kuichukia saa iliyomkalisha dada yangu.

Saa kumi na mbili ilipofika, mhudumu alileta menyu kubwa ya usiku, akaiweka mbele yetu kwa heshima. Dada aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, akaifunga, akaomba bili. Kabla hatujanyanyuka alimwita yule kijana, akamwambia, "Mwanangu, unafanya kazi safi." Kijana akafuta mikono kwanza ndipo akampa mkono.

Njiani nilimuuliza kama alifurahi. Akasema amefurahi sana, na kwamba tutarudi. "Lakini mdogo wangu, siku hiyo tuje usiku, tulipe kama wao."

Sijui hata sasa kama hilo lilikuwa furaha au dukuduku. Hatujarudi bado, na bei za usiku zimepanda tangu hapo. Nimeanza kuweka akiba.