Mahari si mahali: nilivyopambana na makosa ya maandishi kwenye steshenari yangu

Nina steshenari Morogoro, jirani na stendi. Natoa fotokopi, nachapa barua, mikataba, kadi za harusi, ratiba za mazishi na matangazo ya kubandika ukutani. Maandishi ya watu wa kila aina hupita mikononi mwangu kabla hayajamfikia msomaji: ya mwalimu, ya dereva bodaboda, ya mchungaji, ya mama wa kikoba. Kwa muda mrefu yalikuwa yananikera mno. Naletewa barua ya maombi ya kazi, mstari wa kwanza tu nakutana na "tafadhari". Nageukia karatasi nyingine, "kalibuni wote". Nyingine inakwenda kwa "selikari ya mtaa". Jirani yangu anayeuza vitanda na makabati ameandika mlangoni "tunauza thamani za ndani", wakati vitu vyake ni samani, na thamani ni habari ya bei. Nikitoka kwenda sokoni, ukutani nasoma NYUMBA HII AIUZWI. Nilikuwa narudi nyumbani jioni nimechoka kwa hasira kuliko kwa kazi.

Sikutaka kuizoea hali ile. Mtu anayechapa maandishi ya wenzake akiacha kujali, hana tofauti na mashine ya fotokopi. Lakini pia niliona wateja wananiogopa. Kuna waliokuwa wanaacha karatasi kaunta na kuondoka haraka, wasinisikie nikiguna.

Kilichonituliza kwanza ni kuchunguza herufi iliyokosewa imetoka wapi. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na hilo ni jambo la kushukuru, maana mtoto akishajua herufi anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Ila kwa sababu hiyohiyo, matamshi ya mtu huingia moja kwa moja kwenye karatasi. Lugha nyingi za makabila yetu hazitenganishi l na r. Kwa msemaji wake sauti hizo ni moja. Akifika shuleni anasahihishwa kila siku: usiseme "kalibu", sema "karibu". Anajifunza kuiogopa l. Basi akikutana na "tafadhali", ambayo l yake ni halali kabisa, anaing'oa na kuweka r. Aliyeandika "tafadhari" hakufanya uzembe. Alikuwa anajitahidi kuandika vizuri, na juhudi ndiyo iliyomponza. Kwenye h ni yaleyale. Aliyechekwa kwa kusema "abari" na "uduma" anaanza kuipachika h hata pasipo mahali pake: "hasante", "hasubuhi", "hajali ya gari".

Tangu nilipoyaona makosa hayo kama alama za juhudi, nilishindwa kuwakasirikia wenyewe. Madhara lakini yako palepale. Kamati ya harusi ikituma kadi za "sherehe ya kupokea mahali", wageni wataelewa, ndiyo, lakini upande wa pili utanong'ona, na katika mambo ya ndoa minong'ono si kitu kidogo. Mahari ni mahari. Tangazo la kuwaita watu "kupiga kula" nalo linaharibu heshima ya jambo lenyewe.

Mkataba wa pango ndio ulionifanya nibadili kabisa namna ya kufanya kazi. Mzee mmoja mwenye nyumba aliniletea mkataba alioandika kwa mkono, mwandiko mzuri wa kizamani. Kifungu kimoja kilisema: "Mpangaji hatalipa bili za umeme na maji kila mwezi." Nikamwamkia, nikamkaribisha kiti, nikamwuliza:

"Mzee wangu, umeme na maji atalipa nani?"

"Si mpangaji! Nimeandika hapo."

"Hapa pameandikwa hatalipa, mzee. Yaani halipi."

Akaichukua karatasi, akaisoma kwa sauti. Aliposoma, h haikusikika hata kidogo. Alisema "atalipa", kama alivyosema maisha yake yote, na kwake sentensi ilikuwa sahihi. Hapo ndipo nilipoona kwamba ushauri tunaopeana sote, wa kumwambia mtu asome kwa sauti alichoandika, hauwezi kukamata kosa la h wala la l na r. Sikio lililoandika ndilo hilohilo linalosikiliza.

Na h hiyo si pambo. Katika nafsi ya tatu ndiyo inayobeba ukanushi. Wakati uliopo una nafuu, kwa kuwa kitenzi chenyewe hubadilika: analipa, halipi. Msomaji akikuta "alipi" anashtuka na kukisia. Wakati ujao hauna nafuu hiyo. Atalipa, hatalipa, atakuja, hatakuja, mgeni rasmi atahudhuria, mgeni rasmi hatahudhuria. Ikipotea h au ikizidi, maneno yote mengine yanabaki vilevile, sentensi inasomeka vizuri, na inasema kinyume. Ndivyo ilivyo pia kwa "ana deni" na "hana deni" kwenye barua ya shule ya kumruhusu mtoto kuhama. Mzazi anaweza kuzungushwa wiki nzima kwa ajili ya herufi moja.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijagusa kibodi nauliza maana. Nani analipa? Mgeni anakuja au haji? Hapa mnakutana wapi, na mnapokea nini? Unauza vitu gani dukani? Simwambii mtu kwamba amekosea. Namwuliza anachotaka kusema, kwa sababu yeye ndiye mwenye maneno, na akishanieleza naandika alichonieleza. Jirani yangu wa vitanda nilimwuliza hivyohivyo, akaniambia mwenyewe "samani", kwa sauti iliyonyooka kabisa. Nikamwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akampelekea fundi wa mabango. Huyo fundi naye tusimlaumu sana. Anachora alichopewa, na kosa la ukutani mara nyingi lilianzia kwenye kikaratasi. Sasa wateja wanaotaka kuandikisha ukuta au mlango nawaandikia maneno bure, wakayafikishe kwa fundi yakiwa kamili.

Kisha natoa nakala ya majaribio kwenye karatasi ya kawaida, namkabidhi mteja na kalamu. Akiridhika anatia saini chini, ndipo nachapa kadi zenyewe. Kusoma kwa sauti hapo kunasaidia kwa mambo mengine: neno lililorukwa, neno lililorudiwa, sentensi iliyoanza na haijaisha.

Maneno kuunganishwa na kutenganishwa ovyo ni tatizo linalonichosha kuliko hayo yote, na hilo nalirekebisha mwenyewe bila kumsumbua mtu. "Kwaajili", "kwasababu", "kwahiyo" kwa upande mmoja. "Ina patikana", "uni saidie", "wana takiwa" kwa upande mwingine. Kijana wangu wa kompyuta alikuwa hajui aanzie wapi, nikampa kipimo kimoja: jaribu kuingiza neno katikati. "Kwa sababu" inakubali, maana unaweza kusema "kwa hiyo sababu" au "kwa kila sababu", kwa hiyo ni maneno mawili. "Inapatikana" haikubali neno lolote katikati, kwa kuwa "i" na "na" ni viambishi vya kitenzi, haviwezi kusimama peke yao. Kipimo hicho hakimalizi kila kitu, lakini kwa kazi za kila siku kimemtosha.

Kompyuta haikutusaidia sana. Programu ikiwa imewekwa kusahihisha Kiingereza, inapiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la Kiswahili, na mchapaji anazoea kuupuuza wekundu wote pamoja na ule wenye haki. LibreOffice, programu ya kuandikia ambayo ni ya bure, ina orodha ya maneno ya Kiswahili. Tumeiweka, na imepunguza makosa ya vidole. Lakini "mahali" na "mahari" yote ni maneno halali, vivyo hivyo "kula" na "kura", "atalipa" na "hatalipa". Hakuna mstari utakaotokea hapo. Mpaka mtu aulize.

Mteja akibisha, na wapo wanaobisha, tunafungua kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotolewa mara ya kwanza na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1981, inakaa kaunta pembeni ya stepla. Tunaitazama pamoja, kidole kwenye neno, na ubishi unaisha bila mtu kuvunjiwa heshima. Mara nyingine kamusi inampa haki mteja. Bibi mmoja alisisitiza kadi ya mjukuu wake iandikwe "arusi", mwanawe akang'ang'ania "harusi". Yote mawili yanakubalika, nikachapa ya bibi.

Kuna mambo ambayo nimeyaacha. "Masaa" siku hizi silivalii njuga. Kwenye barua ya ofisi nabadilisha kuwa "saa", kwenye tangazo la mechi ya mtaani naliacha. "Gari yangu" na "gari langu" sipiganii tena. Vijana walioandika "cjui" na "xaxa" walirithi uandishi wa ujumbe wa simu, wakati meseji moja ilibeba herufi 160 na c ikikuokolea nafasi badala ya si. Akiniletea maneno hayo kwenye barua ya kazi namwuliza nani ataisoma, na anaelewa papo hapo.

Nililazimika pia kutofautisha kosa na lahaja. Kiswahili sanifu kina umri mdogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Ni mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wake, na kamati ya kusimamia usanifishaji ikaundwa mwaka 1930. Kimvita, lahaja ya Mombasa yenye utajiri wake wa tenzi, kikaachwa pembeni. Mtu wa Mombasa akisema "ndia" kwa njia na "mtele" kwa mchele hajakosea chochote, anasema Kiswahili kilichokuwapo kabla ya kamati yoyote. Mfanyabiashara wa Kongo naye ana Kiswahili chake kilichokamilika. Akitaka barua ya ofisi ya hapa namwandikia kwa sanifu, na akitaka salamu za kwao nayaacha maneno yake yalivyo.

Msibani nina utaratibu mwingine. Watu wanakuja usiku, macho mekundu, wanataka ratiba ya mazishi ipatikane kabla ya asubuhi. Hapo siulizi maswali mengi wala sifungui kamusi. "Malehemu" narekebisha kimyakimya, "aliefariki" naandika "aliyefariki", "ambae" naandika "ambaye". Sitaki ndugu aliyefiwa asimame mbele ya kaunta akisahihishwa. Nauliza mambo mawili tu, saa ya ibada au sala, na majina.

Majina ndiyo pekee ambayo sigusi hata yakiwa yamepinda. Kwa maneno mengine yote nina kamusi. Kwa jina, kamusi ni mwenyewe na vyeti vyake. Hasani na Asani, Halima na Alima, Rehema na Lehema, kila moja linaweza kuwa ndilo lililoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Nimewaona watu wazima wakihangaika kwa sababu cheti cha shule kina herufi moja na kitambulisho cha taifa kina nyingine. Inabidi waende kwa wakili kuapa, walipie hati ya kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Aliyeandika jina lile mara ya kwanza pengine alidhani anamsahihisha mtu. Kwa hiyo jina la mteja nataka aliandike mwenyewe kwa herufi kubwa, au anipe cheti nikitazame. Nikishalichapa simsomei kwa kulitamka. Namsomea herufi moja moja, na yeye anafuata kwa kidole kwenye cheti chake mpaka ya mwisho.