Luger P08 na risasi za kujaza mwenyewe: nilivyoifanya isikwame

Luger P08, bastola ya kale ya Kijerumani, ikikwama, wengi hukimbilia kuongeza baruti. Huku Marekani, ambako kujaza risasi zako nyumbani ni halali, mimi naanzia kwenye magazini, na baruti naigusa mwisho.

Bastola hii haina slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza kwenye bastola nyingi. Mtutu ukirudi nyuma, bawaba yake hugonga miinuko ya fremu, inakunjika kwenda juu kama goti na kutupa ganda, kisha springi iliyo ndani ya kitako inainyoosha tena. Yote hayo hupita upesi mno. Springi ya magazini ikiwa imechoka, risasi inayofuata huchelewa kupanda, bawaba inapita juu yake na kufunga chemba tupu. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichobadilisha ni springi hiyo.

Cha pili ni urefu wa risasi nzima. Ukomo wa kiwango ni milimita 29.69, lakini vipimo vingi vya vitabu vya kujaza risasi ni vifupi zaidi. Kwenye P08 pua ya risasi fupi huinama na kugonga chini ya mdomo wa chemba. Mimi hukaa kati ya 29.2 na 29.5, kwa kichwa cha mviringo chenye koti la shaba, greni 124, yaani gramu 8. Vichwa bapa nimeviacha kabisa. Kichwa kisizame ndani ya ganda kuliko kitabu kinavyosema: nafasi ya baruti hupungua na shinikizo linapanda kwa hatari.

Mdomo wa ganda nao una mambo yake, kwa sababu risasi ya P08, 9x19, hushikiliwa kwenye chemba na ukingo huo. Ukiubana mno, risasi inazama na pini hugonga fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda) kwa unyonge. Usipoubana vya kutosha, upanuzi uliobaki, ule wa mdomo uliofanywa ili kichwa kiingie, huzuia bawaba kufunga. Nalenga milimita 9.60 hadi 9.65. Kisha nafungua sehemu ya juu, natoa bawaba, nadondosha risasi chemba ikiangalia juu: iingie kwa uzito wake, ilie "tak", na nikigeuza mtutu itoke yenyewe.

Hapo ndipo baruti. Anza na kiwango cha chini cha kitabu, panda kwa 0.1 ya greni, usivuke ukomo wake. Mulika maganda yote kwa tochi kabla ya kuweka vichwa. Ganda lililojazwa mara mbili linaweza kupasua bastola. Jaribu ukiwa na risasi moja tu kwenye magazini. Bawaba ikibaki wazi baada ya kufyatua, nguvu inatosha. Ikifunga, au ikibana ganda tupu, na springi ya magazini ni mpya, ongeza kidogo. Maganda yakianza kuruka mbali na bawaba kugonga fremu kwa kishindo, rudi chini: chuma hicho kina zaidi ya miaka 80. Kama namba zilizogongwa kwenye sehemu zote zinalingana, ili usipoteze thamani yake, weka pini na kitoa-ganda vya asili kabatini, utumie vya akiba.